Jozi ya Nankivell na Gilfillan

Obadiah Nankivell hakuomba ubunge. Ubunge ulimfuata karakanani akiwa amepiga magoti anachonga mti wa ekseli, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Alipoinua kichwa aliwaona watu sita wa kamati ya reli wamejipanga mlangoni, wamevaa nguo za kanisani, na siku yenyewe ni Jumatano. Mbele yao alisimama Traugott Noske, Mjerumani mkulima wa ngano, mwenyekiti wa kamati na rafiki yake wa miaka kumi na mitano.

"Obadiah, tumekaa jana tumekubaliana," Noske akasema. "Utakwenda bungeni Adelaide kutuwakilisha."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mmekunywa nini asubuhi hii?"

"Maziwa," Noske akamjibu. "Tulimtuma mwanasheria, akaenda kujitafutia ujaji. Tukamtuma mwenye hoteli, akaenda kunywa. Wewe hunywi na sheria huijui. Hutakuwa na pa kupotelea."

Basi hivyo ndivyo fundi wa magurudumu wa mji wetu, Kallindra, alivyoingia Bunge la Chini, mwaka elfu moja mia nane themanini na moja, na asikudanganye mtu kwamba kulikuwa na zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mfupi, mabega kama mlango, sikio moja zito kwa sababu ya nyundo. Baba yake alitoka Cornwall kuja kuchimba shaba, akachimba mpaka kifua kikajaa vumbi. Obadiah alipomzika aliapa kwamba yeye atashuka chini ya ardhi siku moja tu, na siku hiyo atakuwa amebebwa.

Sisi wa Kallindra tulimjua kwa jambo moja. Akikuambia Alhamisi, ni Alhamisi. Mwaka mmoja alimwahidi mzee Pengilly gari la kubebea nyasi, na mzee akafariki gari likiwa nusu. Mtu mwingine angeziuza zile mbao. Obadiah alilimaliza, akalipaka rangi, akampelekea mjane ambaye hakuwa na nyasi wala farasi. Likakaa uani kwa mama Pengilly, kuku wakapata pa kutagia. Tulicheka sana, na yeye hakuelewa tunacheka nini.

Mkewe, Loveday, alielewa. Loveday alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa kunyolea, na yeye ndiye aliyebaki kuendesha karakana mumewe alipokuwa mjini, maana siku zile mbunge hakulipwa hata senti. Alipima magurudumu mwenyewe, akawasimamia mafundi wawili, akawafokea wateja. "Mume wangu anatunga sheria," alikuwa akisema, "na mimi natunga namna ya kula."

Lakini reli aliitaka naye. Nani hakuitaka? Ngano ya Kallindra ilisafiri maili arobaini kwa magari ya maksai mpaka bandarini, siku tatu kwenda, mbili kurudi. Mvua ikinyesha magari yalizama tope mpaka kwenye vitovu vya magurudumu, na gunia likifika bandarini punje zimekwisha kuota. Mwaka ule wa uchaguzi Noske aliacha magunia sitini njiani, yakaliwa na kasuku weupe. Kijana wake mkubwa alikuwa ameanza kuulizia ardhi ya kule Victoria, koloni la jirani, ambako reli ilipita karibu na mashamba. Noske hakutaka kuhama. Wazazi wake walizikwa Kallindra, na kanisa la Walutheri alilijenga kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe. Ila alisema wazi: reli isipokuja, anahama.

Hilo ndilo Obadiah alilotumwa. Reli, basi. Hakutumwa kingine.

Siku aliyosimama kuongea mara ya kwanza alijiaibisha. Kwa desturi ya Bunge lile unaongea na Spika peke yake, hata kama unayemlenga amekaa mbele ya pua yako. Obadiah akasimama kama anavyosimama kanisani, akawageukia wote arobaini na watano, akaanza, "Ndugu zangu." Wakapasuka kwa kicheko. Mmoja akajibu "Amina." Akaketi chini masikio yamewiva.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo ni Septimus Gilfillan, mzee wa miaka sabini na moja, mwenye kondoo wasiohesabika, ambaye reli ya Kallindra ilipangwa kupasua katikati ya malisho yake. Kama kulikuwa na mtu wa kuiua reli ile, ni yeye. Jioni ile alimkuta Obadiah kwenye chumba cha chai, akavuta kiti.

"Ongea na Spika tu," Gilfillan akamwambia. "Ukitaka kunitukana, mtukane kupitia kwake."

"Na wewe unanisaidia kwa nini, Bwana Gilfillan? Reli yangu inapita kwako."

"Inapita. Na nitaipiga vita mpaka mwisho. Lakini sioni raha kupigana na mtu asiyejua mlango uko wapi."

Tangu siku hiyo wakawa wanakunywa chai pamoja. Mchana walichanana bungeni, kila mmoja akimtukana mwenzake kupitia kwa Spika, jioni mzee akamfundisha. Akamwonyesha namna ya kuleta hoja, namna ya kuichelewesha, nani wa kuaminiwa na nani wa kusalimiwa kwa mbali. "Humu ndani," alimwambia siku moja, "karatasi zote hizi ni mapambo. Kinachotushika ni neno la mtu. Likilegea hilo, tutabaki wapiga kelele wenye kofia nzuri." Obadiah alilichukua jambo lile kama alivyoyachukua yote aliyofundishwa utotoni kanisani, bila kulipunguza.

Sasa, kulikuwa na desturi mle ndani ambayo haikuandikwa popote. Mbunge akiugua, anamtafuta mmoja wa upande wa pili, wanapeana mkono, na siku ya kura wote wawili wanakaa nje. Kura ya huyu inaifuta ya yule, hakuna aliyepoteza. Waliita kufungana jozi. Hapakuwa na shahidi wala saini, na aliyeivunja hakusalimiwa tena na mtu, hata na watu wa upande wake. Lakini mmoja akifa, jozi imekufa, na aliyebaki yuko huru kwenda kupiga kura yake. Hilo nalo lilijulikana na wote. Obadiah alilijua, maana mzee mwenyewe ndiye aliyemwambia.

Mwaka wa tatu Gilfillan akaanguka ngazini, moyo. Daktari akamkataza kuondoka kitandani. Muswada wa reli ulikuwa unakuja baada ya wiki mbili, na mzee akamwita Obadiah nyumbani kwake, akatoa mkono kutoka chini ya blanketi.

"Tufungane jozi kwenye reli," akasema.

Obadiah akaushika. Haddrick, mnadhimu wa upande wa reli, kazi yake ilikuwa kuwahesabu watu na kuwafikisha mlangoni. Naye hakuona ubaya. "Kura kwa kura," akasema. "Hata mkitoka nyote wawili, nina ushindi wa watu wawili."

Siku ya kura ilikuwa Jumanne. Asubuhi Obadiah alipita kwa mgonjwa na chupa ya jamu aliyopewa na Loveday ampelekee. Ndani alikuwemo muuguzi tu. Binti wa mzee aliishi milimani, alikuwa ametumiwa habari aje. Gilfillan alikuwa amelala chali, midomo ya bluu.

"Ni leo?"

"Leo saa kumi."

"Bado tumefungana?"

Obadiah akasema, "Bado."

Mzee akaitikia kwa kichwa kidogo, akafumba mdomo, na robo saa baadaye akakata roho. Ilikuwa saa nne asubuhi. Muuguzi alikuwa ameenda kuchemsha maji, kwa hiyo Obadiah ndiye aliyemfumba macho. Muuguzi aliporudi alimwomba asimwambie mtu kabla binti hajafika, maana si vizuri binti asikie njiani kutoka kwa mpita njia. Obadiah akasema sawa.

Akaenda zake bungeni. Haddrick akampita ukumbini mbio mbio, jasho linamtoka, maana watu wake wawili walikuwa wamejitoa kwenye kura mchana ule ule. "Tuko sawa kwa sawa," akamwambia. "Ishirini kwa ishirini. Na Spika akilazimika kuamua hupigia upande wa kutobadilisha kitu, unamjua. Ah, kama yule mzee wako asingekushika mkono." Akakimbia bila kungoja jibu.

Kengele ikalia saa kumi na dakika kumi. Ikilia, una dakika mbili za kuingia, kisha milango inafungwa. Obadiah alikuwa kwenye chumba cha chai, hatua thelathini kutoka mlangoni. Alijua hesabu. Alijua akiingia ni ishirini na moja kwa ishirini, na reli imepita. Alisimama. Mhudumu wa chai alisema baadaye kwamba alimwona amesimama, ameshika mgongo wa kiti, uso mweupe pe, akadhani naye anaugua moyo. Kengele ikanyamaza. Milango ikafungwa. Obadiah akaketi tena, chai ikapoa mbele yake.

Ishirini kwa ishirini. Spika akapigia upande wa kukataa.

Kwa nini? Mimi nimejiuliza mara nyingi kuliko alivyojiuliza yeye. Kumwambia Haddrick asingeweza bila kumvunjia yule muuguzi ahadi, lakini kuingia tu na kupiga kura angeweza, habari ingemfuata kesho yake na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alimwambia mkewe hivi: mtu ameniuliza, nikamjibu bado, akafa akiamini hivyo, saa kumi nikafanye vingine? Loveday alimsikiliza mpaka mwisho jikoni, mikono ina unga, akikunja pasti za kesho, nyama na viazi. Kisha akasema, "Ile gari ya Pengilly tena."

"Si sawa na ile."

"Si sawa, ndiyo. Ile walau kuku walifaidi."

Kallindra walinuna, lakini hawakumlaumu sana mwanzoni. Kufungana jozi walikuelewa, mgonjwa ni mgonjwa. Ndipo gazeti likafika, na kwenye tangazo la kifo limeandika: *alifariki Jumanne, saa nne asubuhi.* Noske alilisoma mara mbili, akahesabu masaa kwa vidole, akaja karakanani karibu anakimbia, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu kura ile.

"Obadiah, wamekuficha."

"Nani?"

"Watu wa Gilfillan. Mzee kafa asubuhi, kura saa kumi. Ulikuwa huru, ndugu yangu. Wakanyamaza wakuache umekaa nje kama mjinga. Unaona? Hukutuangusha. Umetapeliwa." Akampiga bega. "Uchaguzi ni mwezi ujao. Nitakuuliza swali mbele ya watu wote, kama siku ile ulijua Gilfillan amekufa. Wewe sema hapana, basi. Watakurudisha na kura mara mbili ya zile, na muswada utaurudisha mwenyewe. Wataona aibu kuukataa tena."

Obadiah alifungua kinywa. Lakini Noske alikuwa amekwisha kutoka, anapiga kelele barabarani kumwita mwenye hoteli asikie.

Usiku wa kuamkia mkutano, Loveday alimshonea mumewe kola, hakumwangalia usoni.

"Utasema hapana," akasema.

"Loveday."

"Neno moja. Hulisemi kwa ajili yako. Reli inakuja, Noske anabaki, mimi natua mzigo huu. Na yule mzee amelala kwake, halimuumi."

"Nitakuwa nimedanganya."

"Utakuwa umedanganya. Na mimi nitajua, na nitakupikia kama kawaida." Akakata uzi kwa meno. "Hata huko mbinguni kuna mtu mmoja atanielewa."

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanawake nyuma, maana kura hawakuwa nayo bado. Obadiah aliongea dakika tano, akaketi. Noske akasimama polepole, kwa raha ya mtu anayejua jibu, akashika ukosi wa koti lake.

"Bwana Nankivell. Jumanne ile, kengele ilipolia, ulikuwa na habari kwamba Septimus Gilfillan ameshakufa?"

Wote tulikuwa tumejiandaa kupiga makofi. Baadhi ya mikono ilikuwa imekwisha kuinuka.

Obadiah akamtazama Noske, si Loveday, si sisi. "Nilikuwapo," akasema. "Nilimfumba macho mimi mwenyewe."

Mikono ikashuka, halafu sauti moja kutoka dirishani ikasema kwa utulivu, "Fundi wa magurudumu kaua reli. Sasa mnashangaa nini?" Na hapo ndipo kicheko kikaanza, kicheko kibaya, kikazunguka ukumbi mzima. Kila mtu alikumbuka ghafla kwamba reli ikija, magari ya maksai yamekwisha, na magari yakiisha, Nankivell atachonga nini? Hakuna aliyeliwaza hilo kabla. Sasa likawa ndilo. Obadiah alijaribu kuongea juu ya mkono na ahadi na lile neno "bado", akasikika mpaka safu ya tatu. Mimi nilikuwa safu ya pili na nilimsikia, na hata hivyo sikumpigia kura. Nasema wazi, nilikuwa na ngano yangu.

Alipata kura thelathini na nane. Yule aliyeshinda alikuwa mwuza nguo kutoka mji wa jirani, akaleta muswada wa reli mara moja tu, ukashindwa kwa kura tisa, akaacha.

Noske alihama mwaka uliofuata. Aliuza shamba kwa mtu wa kondoo, akapakia magari matatu. Siku mbili kabla ya safari, mkanda wa chuma wa gurudumu moja ukalegea, na katika mji mzima hapakuwa na mwingine wa kuutengeneza. Akaja nalo mwenyewe, akalisukuma mpaka mlangoni. Walikuwa hawajasemeshana miezi kumi na moja.

Obadiah alilipokea. Akawasha moto, akaupasha mkanda mpaka ukawa mwekundu, akauvisha juu ya mbao, akaumwagia maji ukabana. Kazi ya saa moja na nusu. Noske alisimama muda wote huo kando ya mlango, mikono nyuma. Mwisho akaongea.

"Kitu kimoja sijakielewa mpaka leo. Saa nne alikufa. Kura saa kumi. Masaa sita katikati."

"Ndiyo."

"Telegramu ilikuwepo, na posta iko hatua mia kutoka bungeni. 'Noske, mzee amekufa, nifanye nini?' Maneno matano tu. Ningekujibu kabla chai yako haijapoa."

"Ungesema nikapige kura."

"Ningesema ukapige kura," Noske akasema. "Na ndiyo sababu hukuniuliza."

Obadiah alikuwa na nyundo mkononi. Aliiweka chini. Mimi nilikuwa nje nangoja zamu yangu na jembe la plau, nikawasikia.

"Yule alikuwa maiti," Noske akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Mimi nilikuwa hai, Obadiah. Nilikuwa hai nakungoja wewe."

Kisha akalishika gurudumu lake, akalisukuma barabarani. Obadiah alisimama mlangoni akimtazama mpaka alipokata kona ya kanisa la Walutheri, na Loveday, aliyekuwa ndani amesikia yote, akaja akasimama karibu naye.

Gurudumu lilifika Victoria bila kulegea. Noske alimwandikia mchungaji wake wa zamani barua, akaeleza hivyo humo, gurudumu la nyuma la kushoto halikuhitaji hata kabari safari nzima. Mchungaji alimsomea Obadiah sehemu hiyo. Obadiah akauliza kama kuna salamu zozote zaidi, na mchungaji akaigeuza karatasi akatazama nyuma yake, akasema hakuna.